Maua kwa Mteja Aliyejificha

"Usipige picha!"

Mfamasia alipiga kelele hiyo wiki iliyopita, ukurasa ukaisha, na najua wapo kati yenu waliolala vibaya. Basi nisiwazungushe. Kidole cha Mama Mkasi kilikuwa kimeshabonyeza. Picha imekwenda.

Kwa uliyelikosa gazeti, au uliyelifungia viatu kabla ya kulisoma, nitakuweka sawa upesi. Mama Mkasi ni muuza maua, mjane, mwenye duka jirani na mahakama na mkasi usiobanduka kiunoni. Harusi si kazi yake kubwa. Kazi yake ni maofisi. Kampuni ikitaka mteja wake asiikimbie, inamlipa Mama Mkasi, naye anafunga shada na kulipeleka mkononi kwa mhusika. Hamwachii mlinzi wala katibu. Bosi akiwa likizo, Mama Mkasi atamfuata likizoni. Ndiyo sifa yake mjini.

Mlipaji wake mkubwa ni Meneja wa kampuni ya malori, bwana mwenye sauti ya chini na viatu visivyolia. Na kati ya wote ambao Meneja huwapelekea maua, anayepelekewa mazuri zaidi ni Mfamasia, mama mwenye kauli ya mwisho katika bohari kubwa ya dawa. Ghafla Mfamasia akatoweka. Kazini hayupo, nyumbani hayupo, simu haipatikani. Meneja akasema kwa upole wake, "Mtafute mteja wetu popote alipo, asije akafikiri tumemsahau." Mama Mkasi akamtafuta, akampata. Wifi yake Mfamasia ndiye aliyemwelekeza chumba hiki cha kupanga, ghorofa ya tatu. Watu wote wifi yule aliwafukuza mlangoni, ila alipoona mawaridi alilainika. Mtu wa maua ana ubaya gani?

Na wapeleka maua wana desturi yao. Shada likishawekwa mezani, hulipiga picha na kumtumia aliyelilipia, ajue mzigo wake umefika. Mkono wa Mama Mkasi ulifanya hivyo wenyewe. Mnaonitumia ujumbe kumtukana kwamba hana akili, nawauliza: ninyi hufikiri mara ngapi kabla ya kubonyeza?

"Umemtumia nani?" Mfamasia aliuliza. Mgongo ulikuwa umemganda ukutani.

"Meneja. Si ndiye aliyelipa? Ni kawaida yetu, dada, picha lazima..."

"Ifute!"

"Naifuta, naifuta."

 Akabonyeza pasipotakiwa, akarudi, akabonyeza tena. Vialama viwili chini ya picha vikageuka buluu.

"Kaiona," alisema Mama Mkasi, na sauti haikuwa yake.

Wakaitazama picha pamoja. Mawaridi ya manjano yalikuwa yametoka vizuri mno. Nyuma ya mawaridi kulikuwa na dirisha. Na nje ya dirisha, wazi kabisa, lilisimama tangi la maji la dobi wa mtaa ule, tangi alilolipaka rangi ya zambarau ili wateja wasimpotee. Mji mzima haukuwa na tangi jingine la zambarau. Watu walikuwa wakielekezana nalo.

Simu ikatetemeka kiganjani. Mama Mkasi nusura aiangushe.

"Yamependeza sana," Meneja alikuwa ameandika. "Nashukuru. Kaa naye hapo hapo, nakuja kumsalimia mwenyewe." Mwishoni ameweka na kipicha cha ua.

Mfamasia aliteleza ukutani taratibu mpaka akakaa sakafuni.

"Dada, Meneja ni mtu mpole," Mama Mkasi alisema, na maneno hayo alikuwa akijiambia yeye mwenyewe. "Tangu nimjue hajanipandishia sauti hata siku moja. Kakukosea nini?"

"Mimi sijakosewa. Waliokosewa wameshazikwa."

"Nini?"

"Malori yake yalikuwa yanaleta dawa za watoto zilizokwisha muda, zimebandikwa karatasi za tarehe mpya. Mimi ndiye niliyekuwa nikipokea. Asubuhi unakuja wewe na maua, mchana linakuja lori, nami nasaini. Sasa niambie, mtu amekuletea maua, utampekua vipi? Unaona haya. Unamwambia dereva shusha." Alijifuta uso kwa kiganja. "Mpaka watoto walipoanza kufa ndipo nikafungua boksi moja."

Mama Mkasi alikaa kitini bila kukaribishwa.  Alikumbuka siku aliyoingia kwa mara ya kwanza ofisini kwa Meneja, na ndoo ya maua ya sampuli, na maneno aliyoyasema huku akicheka: "Bosi, mkono mtupu haulambwi. Mpelekee mteja maua, hatakuacha." Ni yeye aliyemfundisha. Kabla ya hapo bwana yule alikuwa akigawa kalenda.

"Leo saa nane nasubiriwa kwa Mwendesha Mashtaka," Mfamasia aliendelea. "Nikifika nikasema, Meneja kaisha. Nisipofika nimeisha mimi, na dawa zitaendelea kushushwa. Nilikuwa nasubiri muda ufike nitoke. Muda tu. Halafu ukaja wewe na mawaridi yako."

"Yarabi nisamehe."

"Usiombe msamaha, nipe nafasi nipige simu. Kuna Inspekta mmoja anayejua miadi hii, aliniahidi ulinzi. Hata yeye sikumwambia niko wapi, ila sasa sina budi."

Akaiwasha simu yake, akapiga na kuweka sauti kubwa. Iliita mara moja tu.

"Mama!" Inspekta alisema kwa furaha. "Tumekutafuta mpaka tumechoka. Uko wapi? Nikutumie gari sasa hivi."

Mama Mkasi aliinua kichwa. Sauti ile, na kale kakikohozi kila baada ya maneno mawili. Akakunja uso kama mtu anayetafuta jina la mtu aliyekutana naye sokoni.

"Afande, wameshajua nilipo," Mfamasia alisema. "Niko ghorofa ya tatu, jengo lililo nyuma ya..."

Mama Mkasi aliruka kitini, akampokonya simu na kuikata.

"Umerukwa na akili?" Mfamasia alifoka.

"Huyo nampelekea maua."

"Unasema?"

"Huyo Inspekta. Nampelekea maua, dada! Ya Meneja. Anataka niyafunge na magazeti, nipite mlango wa nyuma, wenzake wasiyaone. Kila nikifika anakohoa hivyo hivyo, ananiambia msalimie sana bosi."

Wakatazamana. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ya mji ule alikuwa Mama Mkasi. Kwa miaka yote alijua nani anapelekewa na Meneja, mwenye kupenda nyekundu na mwenye kupenda nyeupe, na hakuwahi kujiuliza kwa nini Inspekta au afisa wa forodha apewe maua na mwenye malori.

"Mwendesha Mashtaka?" Mfamasia aliuliza, macho yamemtoka. "Naye?"

Mama Mkasi alifikiri. Alifikiri vizuri, maana roho ya mtu ilikuwa imesimamia jibu lake.

"Hapana. Huyo sijawahi kumpelekea hata jani."

"Basi ndiko tuendako."

Gari la kijivu likasimama chini, upande wa barabara. Milango miwili ikafungwa, mmoja baada ya mwingine, bila kishindo. Mama Mkasi alichungulia pembeni mwa pazia na kurudi nyuma haraka. Alikuwa Meneja, suti ya kijivu, anatazama juu kwenye tangi la zambarau kama mtalii. Nyuma yake Dereva wake, jitu lenye mabega ya mlango.

"Kuna pa kushukia pengine?"

"Ngazi za nyuma, za kwenda kuanika nguo. Zinatokea uani kwa dobi."

"Kigari changu kiko uani kwa dobi. Mlango wa nyuma haufungiki, kitasa kilikufa zamani. Ingia, lala kati ya ndoo, jifunike turubai. Hata ukisikia nini usitoke."

"Na wewe?"

"Nikishuka nawe watatukuta ngazini. Acha nimcheleweshe kidogo." Alijaribu kutabasamu, midomo ikakataa. "Ni mteja wangu. Namjua."

Alikuwa akijidanganya na alijua anajidanganya. Lakini ni nani mwingine angebaki? Yeye ndiye aliyemleta.

Mfamasia hakuwa mjinga. Aliingia bafuni, akafungulia maji yote, akabonyeza kitasa kwa ndani na kuuvuta mlango kwa nje. Ukajifunga. Mtu yeyote angesikia maji na kujua kuna mtu anaoga. Kisha akachukua viatu mkononi, akapotea kwenye ngazi za nyuma kwa miguu mitupu.

Hodi ikapigwa. Polepole, kwa kidole kimoja.

"Mama Mkasi," Meneja alisema mlango ulipofunguka. "Wewe ni hazina." Akapangusa viatu kwenye kitambaa cha mlangoni, vizuri, kimoja kimoja. Dereva akaingia nyuma yake, akafunga na kuegemea mlango.

"Karibu, bosi."

"Mteja wetu yuko wapi?"

"Anaoga, bosi. Alisema hawezi kupokea mgeni hivi alivyo."

Meneja alitega sikio. Maji yalikuwa yakimiminika. Dereva akapiga hatua moja kuelekea bafuni, Meneja akainua mkono.

"Mtu hafukuzwi bafuni. Tutamsubiri." Akakaa kitini, akavuta suruali isipate mikunjo magotini, akayatazama mawaridi. "Alisema nini alipoyaona?"

Jasho jembamba lilikuwa likimshuka Mama Mkasi mgongoni. "Alifurahi. Akasema, kumbe hajanisahau."

"Mimi simsahau mteja." Alilivuta shada kwake, akanusa. "Unajua nimelipa watu wangapi wamtafute huyu mama? Watu wazima, wenye ndevu zao. Wakarudi mikono mitupu. Siku moja nimekaa nikajiuliza, hivi nani katika mji huu hajawahi kushindwa kumfikia mtu? Nikacheka peke yangu. Nikasema, ngoja nimpelekee maua."

 Aibu ilimpanda Mama Mkasi usoni pamoja na hofu, na hofu ikashinda, maana maji ya bafuni yalikuwa yakitoka kwa mlio ule ule. Mtu anayeoga huzuia maji kwa mwili wake, mlio hubadilika. Huu haukubadilika. Dereva alikuwa ameinamisha kichwa, anasikiliza.

Toka hapa, moyo ulimwambia. Toka sasa.

"Bosi," alisema, "samahani, haya maua yamenitia aibu."

"Kwa nini?"

"Jagi hili limeyabana. Angalia shingo zinavyoinama. Mpaka mama atoke bafuni yatakuwa yamelala, na atasema Meneja kanipa maua ya jana. Nina jagi pana kwenye gari, na dawa ya kuyasimamisha. Niruhusu nishuke mara moja."

Ulikuwa uongo mtupu. Mawaridi yale yalisimama kuliko askari wa gwaride. Lakini Meneja aliyatazama kwa makini, akatikisa kichwa kwa masikitiko. Jinsi alivyo, hakuna kitu kinachomuudhi kama zawadi yake kuonekana hafifu.

"Nenda."

Dereva akanyanyua mgongo mlangoni amfuate.

"Mwache," Meneja alisema. "Huyu ni mtu wetu. Ila simu, Mama Mkasi, iache hapo mezani. Nataka kuangalia picha za wiki hii, nione wateja wangu wengine wamepata nini."

 Akajiambia: simu ni kitu, simu hununuliwa. Akaiweka mezani karibu na shada.

"Namba ya kufungulia?"

Namba ilikuwa mwaka aliozaliwa binti yake. Akaitaja.

Meneja akaiandika, akatabasamu. "Mwaka wa kuzaliwa, siyo? Wengi hufanya hivyo. Wa mtoto?"

"Wa binti yangu, bosi."

"Ndiye anayekusaidia dukani? Hujawahi kuniambia. Hongera."

Dereva akasogea. Mama Mkasi akapita chini ya mkono wake, akashuka ngazi za mbele kwa mwendo wa mtu asiye na haraka, huku shingo ikimwasha kama inatazamwa. Alipokata kona ya kwanza alikimbia. Naam, mwanamke mwenye magoti mabovu, mwenye kulalamikia ngazi za kila ofisi, siku ile alishuka kama maji.

Uani kwa dobi mashuka yalikuwa yameanikwa. Akapita katikati yake, yakamchapa usoni kwa ubaridi. Kigari kilikuwa pale. Mlango wa nyuma umefungwa. Hakujua kama kuna mtu ndani au hakuna, na hakuthubutu kuuliza. Akawasha, akatoka.

"Dada?" aliita walipoivuka njia panda. "Dada, umo?"

"Nimo." Sauti ilitoka chini ya turubai. "Nimeloa mpaka mifupa. Ndoo yako imenimwagikia."

Mama Mkasi alicheka. Alicheka kwa nguvu mpaka machozi yakamtoka, na machozi yalipoanza hayakutaka kukoma, ikabidi aendeshe huku akiyafuta kwa mkono wa gauni.

"Wamekufanya nini?"

"Hawajanifanya kitu. Alinisifu. Aliniita hazina."

Hakupita barabara kuu. Alijipenyeza nyuma ya gereji, akapita uchochoro wa maseremala, akasubiri mkokoteni wa mbao ugeuke, akazunguka soko zima. Kila gari la kijivu lilimtoa roho. Njia ya robo saa ikawa safari. Mara mbili alidhani anamwona Dereva, na mara zote mbili alikuwa mtu mwingine mwenye mabega.

Kisha likamjia. Likamjia polepole, namna maumivu ya jino yanavyokuja.

"Dada, nipe simu yako. Nimpigie mwanangu afunge duka."

Mfamasia akatoa mkono chini ya turubai, akampa. Mama Mkasi akaishika huku anaendesha, kidole gumba juu ya kioo. Akaitazama. Akaitazama tena.

"Vipi?"

"Namba siijui."

"Ya mtoto wako?"

"Naijua kwa jina! Nabonyeza jina lake tu, inaita." Alipigapiga usukani kwa kiganja. "Imo kwenye simu yangu. Na simu yangu anayo yeye."

 Nje watu walikuwa wakivuka barabara na mizigo yao.

"Pengine ameshafunga," Mfamasia alisema. "Si uliwahi kuniambia anasoma? Atakuwa chuoni."

"Mchana anakuwa chuoni. Ndiyo. Atakuwa chuoni."

Wakafika panapogawanyika njia. Kushoto, dukani kwake. Angeweza kuona kibanda cha ndoo nje kama angenyoosha shingo. Kulia, ofisi za Mwendesha Mashtaka. Mguu wa Mama Mkasi ulipunguza mwendo wenyewe. Moyo wote ulikuwa kushoto.

"Duka lako analijua," Mfamasia alisema taratibu. "Ukienda huko utampelekea mimi mkononi."

"Najua."

"Mwanao ni mkubwa. Hana kosa na Meneja."

"Nimesema najua, dada."

Akapinda kulia. Hakuangalia kioo.

Jengo lile lilikuwa na sakafu inayong'aa, na mlinzi aliyewapekua kwa kufuata sheria, akashangaa kwa nini mmoja wao analowesha sakafu. Wakapita. Saa ya ukutani ilikuwa haijafika nane. Mfamasia alimshika Mama Mkasi mkono, akaubana. Ndipo kwa mara ya kwanza siku ile uso wake ulipopata damu.

"Tumefika," alisema. "Mungu akulipe. Tumefika!"

Kwenye meza ya mapokezi alikuwa Karani, dada mdogo mwenye miwani. Na mbele ya Karani kulikuwa na shada la maua.

Mama Mkasi alisimama pale pale.

Mauzo yake ni ya mji mzima, mtasema, shada moja kwenye meza ya ofisi lina ajabu gani? Lakini aliniambia mwenyewe kwamba angelitambua hata gizani. Karatasi ilikuwa ya duka lake. Na mabua yalikatwa marefu kupita kiasi, kosa ambalo kila asubuhi alimgombeza nalo mtu mmoja tu. Maji yalikuwa bado yakidondoka. Lilifungwa muda si mrefu.

"Haya nani kaleta?" aliuliza.

"Ah, ninyi ndio mliokuwa mkisubiriwa?" Karani alichangamka. "Wenyewe wamekaa pale."

Mama Mkasi aligeuka.

Kwenye viti vya wageni, chini ya dirisha, alikaa binti yake, na eproni ya dukani bado kiunoni. Pembeni yake alikaa Meneja, mguu juu ya mguu, anakunywa maji kwenye kikombe cha karatasi. Dereva hakuwepo. Hakuhitajika.

"Mama!" Binti alisimama kwa furaha. "Nakupigia, anapokea huyu bosi. Kasema umesahau simu kwake na uko njiani kuja huku, nifunge moja zuri nilete. Akanifuata na gari lake. Gari lina baridi, mama, kama friji!"

"Mtoto mwenye adabu sana," Meneja alisema. Akatoa simu ya Mama Mkasi mfukoni, akampa binti, na binti akamletea mama yake. Mkono mmoja wa mama ukaipokea. "Amenieleza mambo yote njiani. Chuo anachosoma. Chumba alichopanga na wenzake. Kumbe jioni anarudi kwa miguu, peke yake? Nimemwambia hilo si vizuri. Nitakuwa namtumia Dereva."

"Si lazima, bosi," binti alisema akiona haya.

"Kwa mama yako hakuna kisichowezekana. Tuna uhusiano mzuri."

Alimtazama Mama Mkasi kwa macho ya upole. Hakumtazama Mfamasia kabisa. Mfamasia alikuwa amesimama hatua moja nyuma, maji yanamchuruzika kwenye sketi, na mkono wake ulikuwa bado umeushika mkono wa Mama Mkasi. 

Simu ya mezani ikalia. Karani akasikiliza, akaitikia, akaweka chini, akashika kalamu.

"Mheshimiwa yuko tayari. Amesema apande shahidi peke yake, wengine wabaki hapa chini." Akasukuma miwani juu, akawaangalia wanawake wale wawili, mmoja mkavu na mmoja amelowa. "Kati yenu shahidi ni nani?"

Mfamasia alifungua kinywa. 

Kabla hajatamka neno, Meneja alisogea kidogo kitini, akauweka mkono kwenye bega la binti, taratibu, namna baba anavyomwekea mwanawe.

Mama Mkasi akauchomoa mkono wake kwenye mkono wa Mfamasia.

"Hakuna shahidi hapa, mwanangu," alimwambia Karani. "Sisi tumeleta maua tu."